Siyo Moja Kutoka Jukwaa la Wageni

Bariadi, Alhamisi jioni. Upepo mtupu. Vumbi limeingia mpaka kwenye chai.

Shajara, andika hivi: katika kikao kile cha Bunge, kwenye ukumbi wote ule, mtu mmoja tu ndiye aliyeipinga bajeti ya wizara, na mtu huyo ni mimi Maduhu, mwenye elimu ya darasa la nne. Nilisimama, nikanyoosha kidole, nikasema siyo. Ukumbi ukatetemeka.

Uongo.

Sikusimama. Kidole kilikuwa kimeng'ang'ania kiti. Na ukumbi haukutetemeka, aliyetetemeka ni mimi, na bado natetemeka, ndiyo maana leo nakosea herufi kuliko siku zote. Mjukuu wangu alinifungulia blogu hii ili nichekeshe watu. Leo mtanisamehe. Leo naogopa.

Ngoja nianzie mwanzo.

Mheshimiwa mbunge wetu alitualika wazee wawili, mimi na mtani wangu Jilala, twende Dodoma tukaone kwa macho yetu anavyolipigania lambo la kijiji. Lambo letu limejaa tope. Kila kiangazi ng'ombe wanaingia kunywa, wananasa. Mwaka jana dume la Jilala lilinasa mpaka tukalichinjia humo humo, tope likiwa magotini. Wake zetu wanafukua mchanga mtoni kutafuta maji ya kunywa, na anayewahi ndiye anayechota meupe. Basi Mheshimiwa akasema, njooni mkae pale juu kwenye jukwaa la wageni, waziri akiziona mvi zenu ataona haya.

Tukaenda. Basi lilipofika Nyalikungu, bado karibu na kwetu, Jilala alikuwa ameshamaliza michembe yake, viazi vyetu vile vikavu vya safari, na ameanza ya kwangu. Hiyo nimeshamsamehe, naitaja tu ili asijesahau.

Getini walichukua fimbo zetu. Walituambia kwa adabu kabisa kwamba tutazikuta tukitoka. Sawa, lakini mnyang'anye mzee wa Kisukuma fimbo yake halafu umwambie atulie: mikono haijui pa kwenda. Nilikaa na mikono yangu mapajani kama nimebebeshwa watoto wa mtu.

Asubuhi ni maswali. Mheshimiwa mmoja anauliza zahanati, mwingine barabara, mwingine daraja lililochukuliwa na maji. Naibu waziri anasimama anajibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa jambo hilo. Mwenye swali anashukuru kwa majibu mazuri, halafu anauliza lile lile tena, safari hii linaitwa swali la nyongeza. Naibu waziri anatambua tena. Mimi nilipenda. Ni kama watu wanaopelekeana posa, hakuna anayekasirika na hakuna anayetoa ng'ombe.

Baada ya maswali wakaanza kutangaza wageni. Ukitajwa jina unasimama, wabunge wanakupigia meza, unakaa. Basi. Hata mtoto anaweza. Lakini Jilala, baba mzima, alinikamata koti akaninong'oneza, "Maduhu, mimi sisimami. Wakishanijua sura je?"

Nilimcheka mpaka machozi. Wakusahau na sura hiyo wapi.

Likatajwa jina langu, nikasimama, meza zikalia. Nikakaa. Likatajwa jina la Jilala. Jilala akajikunja kwenye kiti kama mfuko wa pamba uliopasuka. Meza zinasubiri. Nikaona aibu hii ni ya Bariadi nzima, nikasimama tena. Nikapunga na mkono. Wabunge wa chini yetu walicheka, mmoja akasema mzee huyu wamemzaa pacha.

Hapo Jilala alinishukuru. Alisema, nakumbuka vizuri, "Hii nitakulipa."

Jioni ndiyo ilikuwa zamu ya wizara yetu, ile ya maji. Wanapitisha fungu moja moja la fedha, na mbunge ambaye hajaridhika anasema atashika shilingi ya mshahara wa waziri. Maana yake hakubali mpaka ajibiwe. Shilingi yenyewe haipo, nilichungulia sana.

Mheshimiwa wetu akasimama. Shajara, alisema vizuri. Alilisema tope, akawasema akina mama na mchanga wa mtoni, akalitaja mpaka dume la Jilala, na Jilala akafuta macho kwa kofia. Akasema asipopata jibu anashika shilingi. Nikasogea mpaka ukingo wa kiti. Waziri akajibu taratibu kwamba lambo hilo litaingizwa kwenye mpango kadiri fedha zitakavyopatikana. Mheshimiwa wetu akasema ameridhika, anarudisha shilingi.

Akakaa.

Mimi nilikuwa sijaridhika, ila mimi sikuulizwa. Ningekaa kimya. Naapa ningekaa kimya.

Sasa hapa lazima mjue tabia yangu. Kwenye mkutano wa kijiji chetu, mwenyekiti akifika mwisho wa jambo huuliza wanaokubali, mikono inapanda. Halafu huuliza wasiokubali, na watu wote wananigeukia mimi. Miaka yote mimi ndiye nasemaga "sikubali." Hata jambo nalitaka mwenyewe. Tulipopitisha kujenga vyoo vya shule nilisema sikubali, na kesho yake nilikuwa wa kwanza kusomba mawe. Watu wanacheka, mwenyekiti anasema Maduhu ameshasikika, mkutano umefungwa. Bila hiyo watu hawanyanyuki. Siku moja nilikuwa naumwa, wakatuma mtu kitandani kwangu aje achukue "sikubali" yangu.

Basi kule Dodoma aliyeongoza kikao akasema, wanaoafiki waseme ndiyo. Ndiyo ile ilishuka kama mvua kwenye bati. Akasema, wasioafiki waseme siyo.

Kimya.

Kimya kile sikijui jinsi ya kukieleza. Watu wote wale na suti zao, hakuna anayekohoa, hakuna anayegeuza karatasi. Mimi nikakisikia kama ninavyokisikia nyumbani. Nikajua wananisubiri.

"Siyo."

Kwa sauti ile ile ninayoitia ng'ombe ng'ambo ya mto.

Vichwa viligeuka vyote. Aliyeongoza kikao alitazama juu, akasema walioafiki wameshinda. Kule chini wapo waliocheka, lakini si kicheko cha mkutano wa kijiji. Kilikatika haraka, kama mtu aliyecheka msibani akafinywa.

Nikasikia mkono begani. Askari wa kike, nguo imepigwa pasi mpaka inakata. "Babu, tutoke nje kidogo."

Jamani, nimewahi kukutana na fisi njiani akiwa na watoto. Nimewahi kuvuka mto umejaa nimeshika mkia wa ng'ombe. Sijawahi kuogopa hivyo. Magoti yalikuwa yangu asubuhi, jioni hayakunijua. Alinishika kiwiko akanitoa, Jilala akafuata nyuma, mbali mbali, kama mtu asiyenifahamu.

Kwenye chumba alinipa maji ya chupa. Aliniuliza jina, nimealikwa na nani, natoka kijiji gani. Nikamjibu kila kitu, hata ambavyo hakuuliza. Nikamwambia habari za vyoo vya shule. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Babu, kule juu hakupigwi kura." Akalirudia jina la kijiji chetu polepole, mara mbili, kama mtu anayeliweka mahali. Kisha akaturuhusu.

Hakunifokea. Angenifokea ningelala usingizi.

Mheshimiwa alikuwa ametuahidi kula pamoja jioni hiyo. Akaja dereva wake peke yake, akatupeleka stendi. Tangu siku hiyo simu ya Mheshimiwa inaita mpaka inachoka. Na kwa haraka ile fimbo zetu zimebaki getini.

Mtu mwenye akili angerudi nyumbani akanyamaza. Mimi niliteleza siku moja tu, siku ya mnada. Waliniuliza habari za Dodoma, nikaanza kusimulia, na mnajua mdomo wangu ukipata watu watatu. Siyo ikapata kidole. Kidole kikamwelekea waziri. Mpaka tunauza ng'ombe wa mwisho nilikuwa nimesimama juu ya kiti. Vijana sasa wananiita Mheshimiwa. Nilifurahi, sitadanganya. Sikujiuliza maneno yale yatatembea mpaka wapi.

Leo nimejua yametembea.

Mchana tulikuwa tunachambua pamba uani, mimi na mke wangu, Mama Kulwa. Mtendaji wa kijiji akafika na pikipiki. Ni kijana wa kutoka Lindi, mstaarabu, siku zote hushuka, huamkia, huomba maji. Leo hakushuka. Hakuzima hata pikipiki.

"Shikamoo mzee. Kesho asubuhi uje ofisini. Kuna wageni wanakuulizia."

Nikamuuliza wageni gani. Akasema nitawaona. Nikauliza nije na nini, kitambulisho, kadi, nini. Akasema, "Njoo wewe tu, mzee." Akaondoka, vumbi lake likatua juu ya pamba yangu nyeupe.

Wageni. Kule kwao mimi nilikuwa mgeni. Sasa wamekuja kwangu kuwa wageni.

Nimejaribu kujipa moyo. Labda ni wapimaji wa lambo. Lakini mpimaji angeulizia lambo, asingeulizia mimi. Labda wameleta fimbo. Nani atatoka Dodoma na fimbo mbili za wazee? Labda ni mambo ya pamba. Mambo ya pamba huitwa watu wote, haitwi mmoja.

Mama Kulwa aliacha pamba. Alichukua koti langu akalikung'uta, akalianika juani. Halafu akasema, bila kunitazama, "Baba Kulwa, kama wamekuja kwa ajili ya lambo, useme ndiyo. Usiongeze. Usicheze. Mimi mgongo wangu hauwezi tena kufukua mchanga."

Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Wanifunge, sawa, nimeshakula chumvi ya kutosha. Lakini kama jina la kijiji chetu liliwekwa mahali, na waliliweka kwa sababu ya mdomo wangu, na siku wanapanga malambo mtu akasema hawa si ndio wale wa siyo? Nani atakwenda mtoni kuwaambia akina mama kwamba ilikuwa utani? Kwamba lambo nalitaka kuliko wote, ila nilikisikia kimya nikadhani ni cha nyumbani?

Nimejaribu kujifunza kusema ndiyo. Nimekaa nyuma ya zizi nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ng'ombe walinitazama kama wale wabunge.

Sasa nawe, Jilala.

Najua unasoma hapa. Unasomaga kimya kimya kisha unajifanya huna simu kubwa. Tangu tumerudi unawapitisha ng'ombe wako njia ya juu ili usipite kwangu. Juzi nilikuamkia Kisukuma, "Mwadila!" ukainama kufunga kiatu, na ulikuwa umevaa kandambili. Sikukulaumu. Woga nilioucheka kule jukwaani leo nimeuvaa mimi, na unanibana kwapani.

Nilikuwa nasema woga wako ni wa kijinga. Haukuwa wa kijinga. Uliona mbele kuliko mimi.

Sitakudai michembe. Sitakudai hata ile siku niliyozama kwenye tope nikishika pembe za dume lako ili lisikuvunje mguu. Lakini kuna ile uliyoahidi kwa mdomo wako, nayo ni ndogo.

Kesho ng'ombe wakishatoka, njoo ukae nami kwenye benchi la nje ya ofisi ya kijiji. Usiseme neno. Huna haja ya kunitetea, wala kuvaa koti. Kaa tu upande wangu wa kushoto, kama kule jukwaani.

Wataita "Maduhu." Mimi nitajaribu kunyanyuka. Lakini magoti haya nayajua sasa, na fimbo sina.

Nilisimama kwa jina lako. Likiitwa langu nikashindwa, simama wewe.