Karatasi ya Miguu ya Mama

Ilunga, mujukuu yangu, salamu ya Lubumbashi ikukute muzima, siye tuko.

Unauliza bilato gani bya miguu umutumie mama yangu, mugonjwa wa sukari. Niko naogopa. Wakati ningali kijana nilimununulia bilato bya Pasaka bila kupima muguu.

“Maman, binakubana?”

“Hapana, papa, mutoto yangu! Leo batasema mimi bibi-arusi!”

Kumbe miguu yake haikukuwa inasikia tena maumivu. Misa ikaisha, soksi ikajaa damu. Kidonda haikupona, kidole bakakata ku hospitali. Kosa ilikuwa yangu, na sikuambiaka muntu.

Jana magaribi, miguu ikiwa imevimba, nilimusimamisha pa karatasi, nikachora. Ile karatasi iko humu. Nunua bipana kuipita. Bikifika, mukono yangu njo itaingia mule ya kwanza, itafute kama kuko kitu ya kumuumiza, kisha muguu yake.

Nkambo yako