Muataz Aking'oa Kidude cha Matairi

Nouf shoga yangu, nimempiga Muataz. Mume wangu! Nimempiga na spana ya magurudumu, kanzu yote damu

Lile gari letu la watalii lenye vitanda, si unakumbuka kaka Hamoudi alifunga sensa za kupima upepo kwenye matairi, pale pa kujazia? Alimwambia Muataz weka na vali za chuma za kujazia upepo, za mpira hazitahimili uzito wa sensa. Muataz akasema za mpira zinatosha

Leo tunampeleka mama yangu kwao Miono, kalala kitanda cha nyuma. Kidude cha kwenye dashibodi kinachopokea habari za sensa kikaanza kulia. Nikamwambia simama, tairi la nyuma linaisha upepo

Akaking'oa!! Nouf, kakitupa dirishani! Eti "Kinanipigia kelele kama wewe"

Hatujafika mbali tairi likapasuka. Likachana sakafu, likamvunja mama mguu. Mama analia, yeye anasema "Sensa za kaka yako hizo"

Hapo ndipo nilipookota spana. Mara mbili Nouf. Mara mbili

Tupo zahanati. Mama kafungwa mguu, yeye kashonwa kichwa. Kamwambia daktari kaanguka. Kisha akaniuliza taratibu, "Miza, ungeniua?"

Nimetoka nje nakuandikia wewe