Besi Hawapo Chini ya Daraja

Mdogo wangu Dewitt,

Salamu zako na za mkeo zimefika huku Alabama. Mimi mzima, mbwa mzima. Pai ya viazi vitamu iliungua, lakini nimeila.

Besi, wale samaki wa ziwa letu, wamemaliza kutaga. Jumapili Shemasi Purvis alinisimamisha nje ya kanisa: "Dada Verlene, mwaka huu samaki wako wapi?" Nikamwambia chini ya daraja, na atumie chambo chekundu. Jana kashinda huko tangu alfajiri, akaambulia kiatu. Sheria ya marehemu baba unaijua: ukiulizwa besi walipo, danganya, hata kama muulizaji ni mtu wa Mungu.

Sasa kaa kitako. Chini ya daraja ndiko nilikokuwa nakupeleka wewe pia, kila likizo, miaka tisa. Acha kutukana, mkeo atasikia.

Majike wakishataga huchoka, wakawaachia madume vitoto, wenyewe wakashuka kwenye kina. Wako pale magugu yanapoishia, penye kisiki cha mwaloni kilichozama. Tupa mnyoo mweusi wa plastiki, uache utulie chini, kisha uvute taratibu kama unayeogopa kumwamsha mama.

Utajiuliza kwa nini leo nasema kweli. Ni macho, Dewitt. Daktari anasema kufika Krismasi sitaiona hata boti yenyewe. Kisiki kile siwezi kumwachia Purvis. Njoo mwezi huu, wewe uendeshe, mimi nitupe.

Na Shemasi akikuuliza, ni chini ya daraja.

Dada yako mwongo,
Verlene