Mume Wangu Alimzika Mtoto Wetu Bila Mimi

Bi. Benedicta, shikamoo. Nakuandikia unisaidie kabla sijafanya jambo ambalo moyoni nimeshaliamua, maana hapa nilipo sina wa kumwambia, mama yangu mzazi yuko Mbulu na kila nikimpigia simu analia yeye kabla mimi sijaanza.

Naishi na mume wangu Felisiani kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa huku Karatu, yeye ni mtu wa Singida alikuja kutafuta kazi, mimi ni Mmbulu, tulifunga ndoa kanisani. Mwaka huu kabla ya masika nilijifungua kwa upasuaji mtoto wetu wa kwanza, wa kike, tukamwita Laurencia, jina la bibi yangu, lakini alikuwa hajatimiza miezi na anapumua kwa shida, wakamweka chumba cha watoto wachanga, nami nikawa nakamua maziwa kwenye kikombe nampelekea mwenyewe huku nimeshika kidonda, muuguzi anamnywesha kwa mrija, mimi nasimama namwangalia vidole. Asubuhi moja nikafika na kikombe changu nikakuta pale alipokuwa akilala Laurencia kuna mtoto wa mtu mwingine. Nikauliza. Muuguzi akasema, "Mama Laurencia, rudi kitandani, mume wako anakuja kuongea na wewe." Nikajua.

Felisiani hakuja mpaka jioni, amefuatana na mama yake ambaye tunakaa naye kambini, viatu vyote vimejaa udongo mwekundu, nikamuuliza mtoto yuko wapi, akasema, "Tumeshamaliza." Nikamwambia mmemaliza nini, mama mkwe ndiye akajibu, "Usijiumize, mwanangu. Mtoto hata kitovu hakijakatika, huyo haliliwi. Utapata mwingine."

Bi. Benedicta, sikumshika, sikumwosha, sikumfunika hata kwa kanga. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani hapakuwa na msiba, majirani walikuja kunisalimia kama mtu aliyelazwa kwa malaria, hakuna aliyelitaja jina lake, na maziwa yakawa yanajaa mpaka gauni linalowa, nikawa nakwenda nyuma ya nyumba nayakamulia chini, mama mkwe akinikuta nalia ananiambia nitafunga kizazi. Nilipomuuliza Felisiani alimzika wapi alinijibu, "Ukijua itakusaidia nini?" Kwa jibu hilo nikasahau hata ule udongo wa viatuni, nikaamini walimwacha hospitalini akatupwa, nikaishi na hilo miezi.

Sasa kuna jirani yangu Salima tunachuma naye kahawa, akaniambia tukiwa shambani, "Mumeo kila Jumapili namwona kule mpakani mwa shamba, juu ya korongo, anapalilia mahali ambapo hapajapandwa kitu." Jumapili iliyofuata sikwenda misa, nikamfuata kwa mbali. Nikamwona amechuchumaa anang'oa majani kwa mikono, amepanga mawe kuzunguka sehemu ndogo hivi, na mabega yanatikisika, analia. Najua ningetakiwa nimhurumie. Sikumhurumia, nilichukia zaidi, kumbe yeye anapo pa kulilia na mimi aliniacha nalia nyuma ya nyumba kama mwizi. Nikarudi nikapika. Sikumwambia kitu na mpaka leo simwambii kitu, nampakulia, namfulia, basi.

Na sasa nyapara ametangaza kwamba upande ule wa korongo utasafishwa, trekta litaingia mwisho wa mwezi huu kulima, wanapanda parachichi. Felisiani alikuwepo, alisikia. Alirudi nyumbani akala chakula chake akalala. Mama mkwe naye anazunguka kambini anasema mwanawe atafute mwanamke anayezaa kama wenzake, na Felisiani mwenyewe anataka tupate mtoto mwingine haraka ili maneno yaishe.

Mimi nimeshaweka jembe tayari na kitenge kipya. Nataka niende alfajiri nimfukue mwanangu, nipande basi la Mbulu, nikamzike kwenye shamba la baba yangu, na nisirudi tena kwa huyu mwanamume. Je, nitakuwa nimekosea?

Germana, Karatu

*

Germana, marahaba. Pole kwa msiba. Nimeanza na pole ya msiba kwa sababu naona katika watu wote waliokuzunguka hakuna aliyekupa.

Ndiyo, utakuwa umekosea. Jembe lirudishe lilipokuwa. Kufukua kaburi bila kibali ni kosa la jinai, hata kama aliyezikwa ni mwanao wa kumzaa, na ukikamatwa ndani ya basi na mwili, hakuna askari atakayekaa kukusikiliza habari za mama mkwe. Isitoshe kidonda chako cha upasuaji hakijasahau. Na utakachokikuta ndani ya udongo ule, mama, usiende kukikuta peke yako. Nimesema.

Lakini hasira yako siibishii. Ulinyimwa haki yako mara mbili. Kwanza hospitalini, na nawaambia wauguzi wanaosoma ukurasa huu: mama aliyefiwa mko naye kwenye jengo moja, mnamrudishaje kitandani bila kumwambia? Mpeni kiti, mwambieni, mleteeni mtoto wake amshike. Hilo halihitaji dawa wala umeme. Pili nyumbani, na hapo namsema Felisiani na mama yake. Mama mkwe, kama unasomewa haya, mtoto yule alipewa jina na alinyweshwa maziwa kwa mrija, mama yake amesimama. Analiliwa. Habari za kutafuta mwanamke mwingine zifunge mdomoni mwako.

Sasa wewe. Ulimwona mumeo analia juu ya kaburi la mwanao, ukageuka ukaenda kupika. Yeye amekuficha kaburi, na wewe umemficha kwamba unalijua. Mnakula sahani moja, kila mtu na maiti yake. Sikuombi umsamehe, hilo wiki hii haliwezekani na mimi si padri. Nakuomba mfanye kazi moja pamoja kwa sababu trekta linakuja.

Nendeni kwa mtendaji wa kijiji mkaeleze kwamba pale juu ya korongo pana kaburi la mtoto wenu. Atawagombeza kwa kuzika kwenye ardhi ya mwenye shamba bila kuuliza. Mwacheni agombeze, halafu mwombeni afuatane nanyi mpaka kwa meneja. Msiishie kwa nyapara, yeye kazi yake ni kutangaza. Mwombeni meneja aliache eneo lile dogo, au asimamishe trekta mpaka mpate kibali cha kuhamisha. Kibali cha kufukua kinaombwa serikalini, mtendaji atawaelekeza pa kuanzia, na siku ya kazi afisa afya anakuwepo. Hapo ndipo Laurencia atakwenda Mbulu kama unavyotaka, kwenye jeneza, mchana, na wajomba zake wakimpokea. Ila ukishakaa pale kwenye mawe ukalia kwa nafasi, inawezekana ukataka abaki. Amua baada ya hapo.

Hospitalini urudi, najua hutaki. Usimtafute yule muuguzi. Uliza afisa ustawi wa jamii, yupo kwa ajili ya watu kama wewe, mwambie unataka kukaa na daktari akueleze mwanao alikufa na nini. Unayo haki ya kuuliza. Uliza hapo hapo ni lini mwili wako utakuwa tayari kubeba mimba, na Felisiani awepo asikie kwa masikio yake, maana tumbo lililopasuliwa halipangiwi tarehe ili maneno ya kambini yaishe. Mpaka daktari aseme, na mpaka wewe mwenyewe utake, jibu ni hapana.

Halafu kuna kibali cha mazishi alichopewa mumeo siku ile. Akitafute. Ombeni na uthibitisho wa kuzaliwa hospitalini, mwende ofisi ya wilaya mkaandikishe. Mtoto aliyezaliwa hai akafa anaandikishwa mara mbili, kuzaliwa na kufa. Watu watakuuliza ya nini. Waambie ni mtoto wako wa kwanza.

Mwambie Salima aende kwa mwenyekiti wa jumuiya yenu akamwambie una msiba nyumbani. Najua miezi imepita. Waje wakae, waimbe, wanywe chai, walitaje jina. Misa iombwe kwa jina hilo hilo. Maziwa yakiwa bado yanakusumbua, au ukiona usingizi umepotea na hutaki kuamka wala kula, usingoje, nenda kliniki uwaambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi.

Felisiani akikataa kuongozana nawe kwa mtendaji, nenda na Salima. Akikataa hata kuongea, nenda Mbulu ukapumzike kwa mama yako, kwa kuaga, ukiwa na nguo zako tu.

Haya yote hayaanzi mpaka mmoja wenu afungue mdomo, na wewe ndiye uliyeniandikia. Leo jioni akirudi kutoka shambani, kabla hujapakua chakula, mwambie kwamba ulimwona.