Fomu ya Kuacha Hisabati ya Juu

Jumapili, 5 Mei

Thelathini na nane kwa mia. Nimeikunja karatasi ya mtihani mara nne na kuificha ndani ya soksi kuukuu. Mimi! Niliyekuwa wa kwanza Hisabati ya Kawaida miaka yote mitatu. Tangu nihamie Hisabati ya Juu, kila asubuhi naomba kipindi kiahirishwe. Naogopa. Haya, nimeshaandika.

Baba hajui. Yeye ni fundi wa kuchomelea, na kila mteja lazima aambiwe: "Huyu ndiye Injinia wangu, anasoma ile hisabati ngumu." Mteja wala hajauliza!

Jumatatu, 6 Mei

Nimekwenda kwa mwalimu mshauri. Je, chuo cha uhandisi kinataka Hisabati ya Juu? Akasema si lazima, ila wanaoichukua hufikiriwa kwanza. Na nikipata alama mbaya? Hapo wastani unashuka, na wastani nao wanauangalia. Kwa hiyo? Kwa hiyo uamuzi ni wangu. Asante sana, mwalimu! Nimetoka na kichwa kizito kuliko nilivyoingia.

Binamu yangu aliye chuoni anasema hakuna aliyewahi kumuuliza alisoma hisabati gani. Kikokotoo, ninayekaa naye dawati moja, kanikumbusha kwamba binamu yangu anasomea muziki.

Jumanne, 7 Mei

Kuna fomu. Ya kijani. Ukiacha somo kabla ya Ijumaa saa sita mchana, halionekani kwenye cheti. Ukichelewa, alama inabaki pale maisha. Inataka sahihi ya mzazi, kisha ya mwalimu wa somo.

Sahihi ya Baba ni rahisi — herufi moja na mkia mrefu. Nimeifanyia mazoezi nyuma ya daftari mara tisa, zote safi. Ya kumi mkia ukapinda, na hiyo ndiyo iliyo kwenye fomu.

Jumatano, 8 Mei

Nimeiacha mezani kwa mwalimu wa Hisabati ya Juu akiwa hayupo, nikatimua mbio. Kipindi chake nimejificha maktaba. Nilidhani nitapumua. Wapi!

Alhamisi, 9 Mei

Mungu wangu. Shule imempa Baba kazi ya kufunga grili za madirisha. Anaanzia chumba namba nane. Chumba cha Hisabati ya Juu! Kesho saa tatu, kwenye kipindi chetu. Chetu? Chao. Anasema hatimaye ataniona nikiwa darasani. Amepiga pasi ovaroli. Ovaroli! Mama amecheka mpaka akakaa chini. Mimi nimesukuma sahani kando.

Nimwambie? Nimefika mlangoni kwake mara mbili. Mara ya pili akanipa mchoro wa grili, nimtafutie urefu wa nondo inayokatiza kutoka kona hadi kona. Nikaukokotoa palepale. "Unaona sasa?" akasema. Nikarudi chumbani kwangu.

Ijumaa, 10 Mei, saa tatu na robo

Niko ndani. Chumba namba nane, kiti changu kilekile karibu na dirisha. Najifanya naandika noti. Mwalimu ameniona, ameinua nyusi tu, akaendelea kuandika ubaoni. Fomu yangu iko mezani kwake, imebanwa na kopo la chaki. Hajaitia sahihi bado!

Baba yuko nje ya dirisha, hatua mbili kutoka hapa. Amenikonyeza. Swali la kwanza ubaoni nimeliweza. La pili naiona njia yake. Kwa nini leo?

Hapana. Hapana, hapana! Baba ameingiza kichwa dirishani: "Mwalimu, huyo Injinia wangu asikusumbue!" Darasa zima limecheka. Mwalimu hakucheka. Amemtazama Baba, ameitazama fomu. Ameichukua. Anakwenda nayo dirishani. Anamuuliza kwa sauti ya chini kama sahihi hii ni yake.

Baba anafuta mikono kwenye ovaroli kabla ya kuipokea. Anaisoma yote, kidole chini ya kila mstari. Kikokotoo ameacha kuandika.

Sasa Baba ananitazama. Ameshusha miwani yake nyeusi ya kazi kutoka kwenye paji la uso, macho siyaoni. Ameomba kalamu. Mwalimu ana chaki tu mkononi. Anakuja kwangu, kanyoosha mkono, anaitaka kalamu hii —