Askari Kando ya Kitanda

Jumatatu, 4 Machi
Etha tena, dawa ya kulaza wagonjwa wa kupasuliwa, kazi yangu mimi dresa. Watatu leo, wote walilala bila matata. Kichwa kinaniuma, nguo zinanuka, mke wangu anasema nikalale kwa kuku. Kila mgonjwa namwuliza kwanza: unakunywa chang'aa? Unavuta bangi? Watu wa namna hiyo etha huwashika vibaya. Hupigana, hutapika. Hao daktari huwachoma ganzi tu, wanapasuliwa macho wazi. Kwa hiyo nataka ukweli.

Jumanne, 5 Machi
Chifu amevamia wapika chang'aa. Mama mmoja ameungua mikono chungu kilipopasuka. Kaletwa kwetu na askari. Askari kakaa katikati ya wodi na rungu lake. Tangu afike, Homa Bay nzima haina mlevi. Wote watakatifu! Nilimwomba atoke nje nikiuliza maswali yangu. Eti ana amri. Nusura nimtukane.

Alhamisi, 7 Machi
Okelo, mvuvi wa kisiwa cha Takawiri. Ngiri, utumbo umenyongwa. Mtumbwi mpaka Mbita, kisha lori mpaka hapa, mkewe Akinyi amemshika kichwa njia nzima. Si ugonjwa wa kungoja. Niliinama sikioni pake nikauliza. Akamtazama askari. Akamtazama mkewe.

"Aa, dresa. Mimi ni mtu wa kanisa."

Nikaanza etha. Hakulala. Akarusha mateke, wanaume wakamshika, nikaongeza matone. Akatapika, yakaingia mapafuni. Tulimgeuza, tulimpiga mgongo, wapi! Daktari hakuwahi hata kushika kisu.

Nina hasira. Sijui na nani.

Ijumaa, 8 Machi
Sikula. Basi.

Jumapili, 10 Machi
Akinyi alikuja kuchukua mwili. Alinivuta nyuma ya jiko la hospitali. Yeye ndiye mpika chang'aa kule kisiwani. Okelo alikuwa akinywa tangu asubuhi, kila siku. Hata kabla ya safari alimpa kidogo, kupunguza maumivu, kisha akamtafunisha majani ya mpera kuua harufu. Walipomwona askari wodini, Okelo alimkanya: usifungue mdomo, ukifungwa watoto watabaki na nani?

Ningejua, daktari angemchoma ganzi tu.

Akaniuliza kama mumewe alilala vizuri. Nikasema ndiyo, mama, alilala.

Akanishukuru kwa mikono miwili. Nilimsaidia kufunga blanketi, tukampakia Okelo, lori likashika njia ya Mbita.