Kola Iliyokatwa Kwenye Kadi ya Kliniki

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Rangi,
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Hujambo wewe, na wanao wawili hawajambo? Yule mkubwa bado anatafuna penseli? Shemeji mzima? Sisi huku tunapumua. Tumbo langu lina miezi saba, nikikaa kwenye cherehani mikono ndiyo inayoifikia, mwili unabaki nyuma. Mtoto tunamwita Kifungo mpaka atoke adai jina lake.

Najua unasoma mbio mbio ukitafuta kuna nini. Kipo. Kaa chini kwanza.

Unajua nyumba hii karatasi ngumu haitoki salama. Mama mkwe wangu, fundi mwenzangu, hukata vigezo vya kola, vile vya kufuatishia kwenye kitambaa, kwenye boksi la viatu, kalenda, hata kadi ya mwaliko wa harusi ambayo haijafika. Mwezi wa nne wa mimba nilikuwa natapika hata sindano siioni tundu, akaenda yeye kliniki kunichukulia majibu ya damu. Nesi akampa kadi, akamwagiza nifike mwenyewe kesho yake. Njiani agizo likamtoka kichwani. Kadi ikalala mezani, siku ya tatu ikawa kigezo cha kola.

Mimi nikadhani imepotea, nikaenda kupewa nyingine. Nilipoulizwa damu yangu ilionekanaje, nikajibu haina tatizo, maana hakuna aliyeniambia vingine. Hilo kosa ni langu, simsukumii mtu.

Wiki kumi nimeshona mashati ya wahudumu wa hoteli kwa kola ile. Siku moja nikaigeuza, nikaona nusu ya jina langu na maneno haya: virusi vya homa ya ini B, vipo. Nikampelekea mama mkwe, nikamsomea.

Mama mkwe alipoelewa alikaa sakafuni. "Mwanangu, nimemkata mjukuu wangu na mkasi."

"Hajakatwa bado, mama. Vaa viatu twende."

Daktari alipima tena, akakuta virusi ni vingi. Mtoto huvipata zaidi wakati wa kuzaliwa, na akivipata akiwa mchanga hivyo, mara nyingi vinamganda maisha yote na kumla ini polepole. Nililia, Dada, sikufichi. Halafu nikajifunga kibwebwe. Tangu wiki ya ishirini na nane nameza kidonge kila siku kuvipunguza, na shemeji yako ndiye anayenisimamia mlangoni kama askari wa gereza. Yeye amepimwa, hana, na ameanza kuchanjwa.

Kifungo akizaliwa lazima achomwe sindano mbili ndani ya nusu siku, halafu amalizie chanjo zake nyingine kwa tarehe. Zahanati ya jirani haina hizo mbili. Nimekwenda hospitali kubwa nikamwambia mfamasia anifungulie friji nizione kwa macho yangu. Alicheka, lakini alifungua. Wiki mbili kabla ya kujifungua nitahamia chumba cha wifi, kilicho mkabala na geti la wodi. Anayetaka kunizuia aje na winchi.

Mama mkwe ametarizi kanga ya kwanza ya mtoto kwa uzi mwekundu: NICHOMENI SINDANO ZANGU MBILI LEO. Nikizimia, nguo itasema.

Sasa linalokuhusu wewe. Daktari aliniuliza mama yetu alikufa na nini. Nikamweleza macho ya manjano, tumbo lililojaa maji, na majirani waliosema karogwa. Akasema hizo ni dalili za ini, akaniuliza kama nina ndugu. Nikamwambia ninaye mmoja.

Nenda ukapime damu, Dada, na wanao uwabebe. Usisubiri kuumwa, mimi sikuhisi chochote. Usiniambie una kazi nyingi. Majibu yasome mwenyewe, palepale, umesimama mbele ya aliyekupa.

Nisalimie shemeji, watoto, na jirani yako muuza maziwa. Mama mkwe anakusalimu na anaomba usimcheke sana. Mungu awafunike nyote, awape damu safi na maini mazima.

Mama yetu hakupata wa kumwambia. Wewe nimekuambia.

Mdogo wako akupendaye kwa ukali,
Fundi